Mlima Unaokula Umeme

Muhula uliopita nilisimama mbele ya darasa la fizikia nikasema kwa sauti kubwa kwamba stesheni ya umeme ya Dinorwig, katika nchi ya Wales, ni upumbavu uliochimbwa ndani ya mwamba. Wenzangu walinipigia makofi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi: stesheni ile hutumia vipimo vinne vya umeme kupandisha maji mlimani, na maji hayo yakishuka hurudisha vipimo vipatavyo vitatu tu. Ni mfanya biashara gani atakayekubali hasara ya namna hiyo kila siku? Mwalimu hakunipinga. Aliniuliza tu, "Kwani wewe si mkubwa wa zamu ya pampu?"

Nilinyamaza, maana alijua lililonipata. Tangi letu la maji liko juu ya kilima, nyuma ya kanisa, na kisima kiko bondeni. Pampu ni ndogo. Haiwezi kututosheleza sote tunapooga saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo huwashwa usiku, ikafanya kazi polepole hata tangi likajaa. Usiku mmoja nililala bila kuiwasha. Asubuhi yake hakuna aliyeniuliza pampu hula dizeli kiasi gani. Waliniuliza maji yako wapi.

Umeme nao una saa zake. Hauwekwi ghalani kama mahindi. Ule utumikao sasa lazima ufanyizwe sasa hivi. Usiku wa manane watu wamelala na viwanda vingi vimefungwa, lakini stesheni za nguvu za atomiki haziwezi kuzimwa na kuwashwa kama taa. Umeme huo wa ziada, ambao bei yake ni ndogo, ndio unaopandisha maji kutoka ziwa la chini, Llyn Peris, mpaka ziwa la Marchlyn Mawr, mita 500 hivi juu yake. Sisi wa Uganda tumezoea bwawa la Jinja, lililofunguliwa mwaka 1954 kwa jina la Owen Falls, ambapo maji ya Nile hupita mara moja yakaenda zake Misri. Dinorwig maji ni yale yale, hupanda na kushuka.

Jambo lililonipendeza kupita yote ni kwamba hakuna pampu mbali na jenereta mbali. Mtambo ni ule ule mmoja. Umeme ukiuzungusha upande huu, gurudumu lake la chuma husukuma maji juu. Maji yakishuka na kuuzungusha upande wa pili, hutoa umeme. Mitambo hiyo ni sita, na nguvu zake zote pamoja ni megawati 1,728, kwa muda wa saa tano hivi, ndipo ziwa la juu huwa limekwisha kutumika.

Tarehe 4 Julai 1990, Uingereza ilipotolewa na Ujerumani Magharibi kwa mikwaju ya penalti katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, watazamaji waliinuka vitini wakaenda kuwasha mabirika ya chai. Mahitaji ya umeme yaliruka kwa megawati 2,800. (Sisi timu yetu ikishindwa hatukumbuki chai.) Stesheni ya makaa ya mawe iliyopoa huchukua saa nyingi kupata moto. Dinorwig huweza kuyazungusha magurudumu yake hewani kwanza, bila maji, kama lori linalonguruma limesimama. Vali zikifunguliwa, hutoa zaidi ya megawati 1,300 kwa sekunde 12.

Kuijenga kulichukua miaka kumi, tangu 1974 hata 1984. Mlima wenyewe, Elidir Fawr, ulikuwa machimbo ya mawe ya kuezekea nyumba, ambayo zamani yaliajiri watu zaidi ya 3,000, yakafungwa mwaka 1969. Mafundi walitoa tani milioni 12 za mawe, wakachimba mahandaki ya kilometa 16, na ukumbi wa mitambo wenye urefu wa mita 180 na kimo cha mita 51. Kanisa letu lingeingia humo pamoja na mnara wake. Kwa kuwa hifadhi ya Snowdonia iko jirani, hata nyaya kubwa za kwanza zilizikwa ardhini. Ni kazi ya ajabu, ingawa nadhani wana wa wachimba mawe hawakupata kazi ya kudumu kama ya baba zao: stesheni ikiisha kujengwa haihitaji maelfu ya mikono.

Stesheni ya mwisho ya makaa ya mawe huko Uingereza ilifungwa Septemba 2024. Siku hizi vinu vya upepo ni vingi, na upepo huvuma hata saa ambazo hakuna anayeuhitaji. Nilipomwambia mwalimu hayo, alinirudishia daftari langu. Hesabu ya vinne na vitatu alikuwa ameipa alama zote; chini yake aliandika, "Saa ngapi?"