Weka Asubuhi, Usingoje Jioni: Nidhamu ya Pesa Inayodumu

Mwezi wa kwanza tunaujua sote. Pesa ya Krismasi imeisha, shule zimefunguliwa, na mtoto anaweza kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hapo ndipo wengi wetu hujiambia, "Mwaka huu lazima niwe na nidhamu." Kufika mwezi wa tatu, tumesahau. Sio kwamba sisi ni wazembe. Shida ni kwamba tunaiacha nidhamu hadi jioni, wakati tumechoka na pesa iko pale pale kwenye simu.

Leo tujifunze kuihamisha.

Mfano wa boda boda

Tuseme unaendesha boda boda na leo umeingiza Sh1,200. Mafuta Sh400, mwenye pikipiki Sh300, chakula Sh150. Umebaki na Sh350. Ukisema utaweka akiba "kitakachobaki", basi kuna bando za intaneti, kuna rafiki anaomba mia, na kuna jamaa pale steji anayesema mechi ya leo ni ya uhakika. Bandu bandu huisha gogo. Unalala na Sh40.

Sasa geuza mpangilio. Abiria wa kwanza akishalipa asubuhi, hamisha Sh50 kwenye akiba kabla hujawasha pikipiki tena. Hiyo jioni mambo yatakuwa yale yale, lakini Sh50 haipo mezani. Ukifanya kazi siku 6 kwa wiki, hiyo ni Sh300. Kwa wiki 50 ni Sh15,000. Mwezi wa kwanza ukifika, hutaanza na mikono mitupu.

Hatua tano za kuanza

1. Maliza deni dogo kwanza. Kama unatumia ovadrafti ya simu, pesa inayoingia hukatwa kulipa deni kabla wewe hujaiona. Kuweka akiba huku gharama za deni zinaongezeka ni kutwanga maji kwenye kinu. Sisi pia tunatoa mikopo, lakini tunakwambia ukweli: mkopo wa dharura ukiwa wa kila siku, sio wa dharura tena.

2. Chagua kiasi unachoweza hata siku mbaya. Usipime kwa siku ya mwisho wa mwezi. Pima kwa ile siku ya mvua ambayo abiria wamekosekana. Kama ni Sh20, anza na Sh20.

3. Ifunge na kitu unachofanya tayari. Mama mboga anaweza kuweka akishauza fungu la kwanza la sukuma wiki. Mwenye mshahara aweke siku ile ile unapoingia. Usitegemee kukumbuka.

4. Jiwekee umbali na hiyo pesa. Tumia akiba inayofungwa hadi tarehe utakayochagua, na uipe lengo: "Karo ya Januari". Ni rahisi kuchota pesa isiyo na kazi. Kuchota karo ya mtoto kunauma.

5. Ukiteleza, rudi kesho. Hapa ndipo wengi huachia. Umekosa siku tatu, unaamua kulipa zote kwa mara moja, huwezi, halafu unakata tamaa. Wacha hizo siku tatu ziende. Kesho weka kiasi kile kile cha kawaida.

Tuseme ukweli

Nidhamu haiongezi mapato. Kama Sh50 ndiyo unga wa leo, watoto wale kwanza. Hiyo sio kushindwa. Lakini siku yenye nafasi kidogo ikija, utakuwa umeshajua pesa ya kwanza inaenda wapi.

Usijilinganishe pia na mwenzako kwenye chama anayeweka elfu moja. Yeye ana hesabu zake. Wewe jiulize jambo moja tu kila Jumapili: wiki hii niliweka mara ngapi? Ukiona mara nne, wiki ijayo tafuta tano.

Kabla ya kurudisha simu mfukoni, amua mambo mawili: ni kiasi gani, na ni saa ngapi. Kisha kesho asubuhi, weka.

Na kama kawaida yetu, tunakukumbusha: hatutakupigia simu kukuuliza PIN yako. Akiba yako ni yako, na PIN ni siri yako.