Hatukuandikishana, Dada

Haya wadogo zangu! Vuteni viti. Leo tunaongea mikataba, na najua wengine mshaanza kukunja uso mkidhani ni mambo ya mawakili wenye tai na ofisi za ghorofani. Wapi! Ukipanda daladala kutoka Mbagala kwenda Kariakoo umeshaingia mkataba, hata kama hukufungua mdomo. Wewe utalipa nauli, wao watakufikisha. Konda akikushusha njiani kwa sababu gari limegeuza, amevunja mkataba, na ndiyo maana abiria mnakuwa na haki ya kupiga kelele mrudishiwe chenu.

Kuna kauli mbili nazisikia kwenu kila siku. Ya kwanza: "Dada, sina la kudai, hatukuandikishana." Ya pili: "Dada, nimekwisha, nilishatia saini." Wa kwanza anaacha haki yake chini, wa pili anabeba mzigo ambao pengine si wake, na wote wawili wamekosea palepale. Wameipa karatasi cheo kisicho chake. Karatasi ni ushahidi. Mkataba wenyewe ni yale mliyokubaliana.

Huku Tanzania Bara tuna Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Zanzibar wana ya kwao. Hii yetu ilitungwa 1961, na ukiisoma utaona imefuata sana sheria ya India ya 1872, ambayo Mwingereza alikuwa akiitumia hapa kabla. Kifungu cha 10 ndicho cha kukikariri. Kinasema makubaliano yanakuwa mkataba kama yamefanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo wa kukubaliana kisheria, kila upande ukitoa kitu halali, kwa jambo lililo halali. Mwenye uwezo ni aliyetimiza miaka 18 na mwenye akili timamu. Hakidai kila mkataba uandikwe. Kinasema tu kwamba pale sheria nyingine inapotaka maandishi, iheshimiwe. Kwa hiyo mkataba wa mdomo ni mkataba. Shida yake ni moja tu, nayo ni kubwa: siku mkigombana, utauthibitishaje?

Hapo kwenye kila upande kutoa kitu wengi huteleza. Mjomba akisimama kwenye sherehe akatangaza atakulipia ada ya chuo, watu wakapiga vigelegele, kisha mwezi wa kumi hapokei simu, huna kesi. Wewe hukutoa wala kuahidi chochote, kwa hiyo ile ilikuwa ahadi ya fadhila. Sheria inazitambua zawadi za upendo kati ya ndugu wa karibu zikiandikwa na kusajiliwa, lakini niambieni ni mjomba gani anayesajili. Ahadi ya ndoa, hiyo mjue ina sheria yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu aliyeachwa kwenye mataa, awe mwanamke au mwanamume, kudai fidia ya gharama alizoingia kwa kuamini ahadi. Kumlazimisha mtu akuoe haiwezekani, na sijui ungemtaka wa nini.

Sasa tuje kwenye kazi, maana hapa ndipo mnaponyanyaswa zaidi. Kuna binti anasuka saluni mwaka wa pili sasa, anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa mbili usiku, mshahara anatumiwa kwenye simu kila mwisho wa mwezi, na bosi wake anamwambia, "Wewe huna mkataba hapa, nakusaidia tu." Mdogo wangu, mkataba unao. Unafanya kazi, unalipwa, unapangiwa saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yako ni ipi, ilianza lini, mahali, saa za kazi, malipo. Asipokuwa nayo mkafika kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha mliyokubaliana unamwangukia yeye. Yaani ile karatasi aliyokunyima inamgeukia. Na saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki. Hebu jumlisheni wenyewe saa kumi na mbili mara siku sita.

Mikataba ya kazi iko ya aina tatu. Upo usio na kikomo cha muda, ambao unaendelea mpaka mmoja wenu auvunje kwa utaratibu. Upo wa muda maalumu, ambao sheria ya 2004 ilipoandikwa iliuweka kwa ajili ya wataalamu na watu wa menejimenti. Na upo wa kazi maalumu, kwa mfano kujenga ukuta: ukuta ukiisha na mkataba umeisha. Wanaokupa miezi mitatu, halafu mitatu tena, halafu mitatu tena kwa kazi ileile isiyokoma, wana sababu zao, na sababu zenyewe si kwa faida yako. Waulizeni kwa adabu, tena kwa maandishi, kwa nini si wa kudumu.

Na mkiachishwa, msikae nyumbani mkilia na kusubiri bosi alegee moyo. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Wengi nawaona wanafika baada ya miezi minne, haki wanayo lakini muda hawana. Mikataba mingine ya kawaida ina nafasi pana, miaka sita ya kufungua kesi, ila ya kazi haikusubiri.

Basi ushahidi utautoa wapi kama hamkuandikishana? Simu yako hiyo. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu hauwezi kutupwa mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Bosi akikuambia jambo kwa mdomo, ukifika nyumbani mwandikie: "Bosi, kama tulivyokubaliana leo, mshahara unapanda kuanzia Julai." Akijibu "sawa", umeshamwandikisha bila kugombana. Risiti za miamala msifute ili kupata nafasi ya video za harusi za watu.

Nawageukia nyinyi mliotia saini. Karatasi yenye muhuri wa wakili na sahihi nne haiugeuzi uovu kuwa halali. Mkataba wa kugawana faida ya magendo ni batili, hata ungechapwa kwa wino wa dhahabu, na aliyedhulumiwa humo hana mahakama ya kumsikiliza. Dau la ubishi wa Simba na Yanga kijiweni, hilo nalo sheria haikusaidii kulidai. Lakini ipo mikataba mingine ambayo si batili tangu mwanzo, ila inaweza kubatilishwa na yule aliyeonewa. Umetishwa, umelaghaiwa, umedanganywa, au mtu mwenye sauti juu yako, kama mwajiri au mzazi, ametumia nafasi yake kukukamua sahihi. Hapo uchaguzi ni wako: uuvunje, au uendelee nao kama unaona unakufaa. Ila ukigundua umelaghaiwa kisha ukaendelea kula matunda yake mwaka mzima, utaonekana umeridhika.

Tena sheria ina jicho kwa wavivu. Kwa mambo fulani ya udanganyifu, kama ungeweza kuujua ukweli kwa uangalifu wa kawaida tu, hurudi nyuma kulia. Ndiyo maana kwenye kiwanja nawaambia msikimbie. Ardhi ni mojawapo ya yale mambo yanayotaka maandishi. Kununua kwa mdomo mbele ya wazee na soda ni kujitafutia kesi ya kurithisha wajukuu. Kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi kwa msajili uone jina la mwenyewe na kama kuna benki inakishikilia. Kama hakina, ulizia majirani wa pande zote nne, kila mmoja peke yake, na uende serikali ya mtaa au kijiji. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa na pale ndipo wanapoishi, mwenza wake aridhie. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani na mmoja akiwa amemficha mwenzie. Mume anayekuambia "mke wangu yuko safari, tumalize tu" anakuuzia ugomvi.

Kwenye chumba cha kupanga sina mengi. Hakikisha unayemlipa ndiye mwenye nyumba au ana hati ya kumwakilisha. Dalali kazi yake ni kukuonyesha, kodi haimhusu. Bei na muda viandikwe, na nani anatengeneza choo kikiziba, maana hilo ndilo litakalowagombanisha.

Faini zinazoandikwa kwenye mikataba nazo zinawatisha kupita kiasi. "Ukichelewa siku moja utalipa milioni mbili." Kwa sheria yetu, kiasi kilichoandikwa ni kikomo cha juu, mahakama inampa aliyeumia fidia inayostahili, isiyozidi hapo. Si kwamba milioni mbili zimeshakuwa zake kwa sababu zimeandikwa kwa herufi nzito. Hilo liwape pumzi, lisiwape ujeuri wa kuchelewa.

Nakuja kwenye mikopo ya riba kubwa, ile mnayoiita kausha damu, na nitaisema kwa kifupi. Anayefanya biashara ya kukopesha anatakiwa awe na leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mwombeni muione. Anayekutaka umwachie kadi ya benki na namba ya siri, ondoka hapo hata kama mtoto ana homa. Homa ina njia nyingine. Na mkataba wa Kiingereza usiouelewa, omba wa Kiswahili au mtu akusomee kabla, kwa kuwa ukishatia saini itachukuliwa kwamba ulisoma. "Nilisaini tu, nilikuwa na haraka" ni utetezi unaowafurahisha mawakili wa upande wa pili.

Nimebakiza moja, la udhamini, nalo ndilo lililovunja koo nyingi kuliko mapenzi. Shemeji anakuja Jumapili na kilo mbili za sukari, anakupigia magoti: "Dada, ni sahihi tu, hela nitalipa mimi." Si sahihi tu. Mdhamini deni lake ni sawasawa na la mkopaji, labda mkataba useme vinginevyo. Mkopeshaji akiona wewe una mshahara unaoingia kila mwezi na shemeji anauza mitumba kwa msimu, halazimiki kumsumbua shemeji kwanza, atakuja kwako. Ukilipa, sheria inakuruhusu umdai shemeji, lakini kama angekuwa nazo tusingefika huko.

Ukiona lazima usaini, basi usaini kama mtu anayejua anachofanya. Dai udhamini wako uandikwe kwa mkopo huu mmoja, wa tarehe hii, na usizidi kiasi hiki, ili kesho akiongeza mkopo mwingine wewe usiwemo. Futa kwa kalamu ile sentensi inayosema "na mikopo mingine yote atakayochukua", kisha wote mtie sahihi pembeni ya ulipofuta. Hakikisha hakuna nafasi zilizoachwa wazi za kujazwa baadaye, na usitoke ofisini bila nakala yako. Mkopeshaji akikataa, rudisheni kalamu muondoke. Shemeji atanuna. Mwacheni anune, sukari yake mrudishieni.