Ruzuku za Kuzipasha Joto Nyumba Uingereza: Mafunzo Niliyopata

Kila baridi inapokaribia, swali hilohilo linarudi kwenye hitima, kwenye harusi na kwenye makundi yetu ya WhatsApp, kuanzia Leicester ninakoishi hadi Northampton na Milton Keynes: ile insulesheni ya bure ya serikali, ni kweli? Ni kweli. Nimezifuatilia ruzuku hizi kwa nyumba yetu, kwa nyumba ya shangazi yangu na kwa ndugu zetu wanaopanga. Nimejaza fomu, nimetafsiri barua, nimekaa sebuleni na wakaguzi. Fedha zipo, na sisi tuna haki nazo kama wengine, maana tunazichangia kwenye bili na kodi zetu. Lakini nimeona nyumba zilizopona na nyumba zilizoharibika chini ya mpango mmoja, na mara nyingi tofauti ilikuwa ni yale ambayo mwenye nyumba aliyajua kabla ya kutia saini.

1. Fedha haziji kwako, zinamwendea mkandarasi

Naanza na hili kwa sababu mengine yanatokana nalo. Mpango uliokuwa mkubwa kuliko yote, ECO, ulianza mwaka 2013. Hapo serikali haikukuandikia hundi. Sheria iliyalazimisha makampuni makubwa ya gesi na umeme yagharimie kazi za kupunguza upotevu wa joto, hasa kwenye nyumba za watu wa kipato kidogo, na Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, ndiyo iliyokagua kama yametimiza. Makampuni yaliwalipa wakandarasi, kisha gharama ikaingizwa kwenye bili za wateja. Mpango wa pampu za joto, Boiler Upgrade Scheme, nao unamlipa fundi: tangu Oktoba 2023 ruzuku yake ni pauni 7,500 kwa England na Wales, lakini anayeiomba ni fundi mwenyewe, halafu anaikata kwenye bei anayokutoza.

Kwa hiyo mkandarasi analipwa kwa kazi iliyowekwa na kuandikwa kwenye makaratasi. Wewe ndiye utakayelala humo, lakini pale ambapo kazi ni ya bure si wewe unayemlipa, na ile nguvu ya kawaida ya mteja, ya kushika pesa yake mpaka aridhike, huna. Nguvu uliyobaki nayo ni saini. Utaombwa saini kabla ya kazi kuanza, na utaombwa nyingine kuthibitisha kwamba kazi imekamilika. Nimeshawekewa karatasi zote mbili mezani siku moja, kabla hata ngazi haijashushwa kwenye gari. Ya pili niliirudisha kwenye bahasha, na kila anayeniomba ushauri namwambia afanye hivyohivyo: karatasi ya kukamilika husainiwa kazi ikiwa imekamilika na wewe umeiona kwa macho.

2. Alichopata ndugu yako mwaka juzi huenda hakipo tena

Mipango ya Uingereza haina maisha marefu. Green Deal, uliowapa watu mikopo ya kulipwa kidogo kidogo kupitia bili ya umeme, ulianza Januari 2013, na Julai 2015 serikali ikaacha kuufadhili. Green Homes Grant ulifunguliwa Septemba 2020 kwa bajeti ya pauni bilioni 1.5 na lengo la nyumba 600,000. Mwisho wa Machi 2021 ulifungwa, na nyumba zilizofikiwa hazikutimia 50,000. ECO4, yaani awamu ya nne ya ECO, ulianza 2022, na katika bajeti ya Novemba 2025 serikali ikatangaza kwamba ECO haitaendelezwa. Sasa mlango wa kwanza kwa wengi ni kaunsili. Huko England, tangu 2025, kuna Warm Homes: Local Grant, ambao kwa kawaida unazilenga familia zenye kipato cha hadi pauni 36,000 kwa mwaka kwenye nyumba binafsi zenye daraja la EPC la D mpaka G (cheti hicho nakieleza kwenye namba 3). Uskoti wana Home Energy Scotland, Wales wana Nest. Aliye Glasgow asimfuate aliye London.

Maswali mawili yamenisaidia kila mara, nami nataka majibu yake kwa maandishi: mpango huu unafungwa lini, na ukifungwa kabla hujamaliza, ni nani atakayelipa kilichobaki? Mkandarasi mzuri anajibu bila kusita.

3. Ijue nyumba yako kabla ya mgeni kuja kukueleza

Hapa ndipo ninapowasihi watu watumie muda. Mitaa mingi ya Leicester ina nyumba zilizojengwa kabla ya 1920, na kuta zake si sawa na za nyumba zilizofuata. Toka nje uangalie matofali. Ukiona yote yamelala kwa urefu wake, safu juu ya safu, kwa kawaida hizo ni kuta mbili zenye uwazi katikati, na insulesheni yake hupulizwa humo kupitia matundu madogo. Ukiona tofali refu, kisha kichwa cha tofali, kisha refu tena, huo ni ukuta mmoja mzima. Insulesheni yake hubandikwa nje au ndani, na hiyo ni kazi kubwa, ya gharama, na ni rahisi kuharibika. Hata uwazi wenyewe haujazwi kila mahali: ukuta wenye nyufa, au unaopigwa na mvua ya upepo moja kwa moja, unaweza kupitisha maji kwa ndani baada ya kujazwa.

Kisha panda darini na futikamba. Sufu ya madini inashauriwa ifike kina cha milimita 270. Darini kwetu nilikuta imekandamizwa chini ya masanduku na mikeka ya zamani, haifiki nusu ya hapo, na kwenye kona za mbele hakukuwa na kitu kabisa. Nilipiga picha futikamba ikiwa imesimama ndani ya sufu. Mkaguzi alipokuja akitaka kuandika kwamba dari iko sawa, nilimwonyesha picha hiyo, naye akapanda kuangalia.

Halafu kuna cheti cha EPC, kinachoipa nyumba daraja kutoka A hadi G. Hudumu miaka 10, na daftari lake liko wazi kwenye tovuti ya serikali: unaandika msimbo wa posta, unakisoma bila malipo. Usikiamini kwa upofu. Cha nyumba ya shangazi kilisema madirisha yote yana vioo viwili, wakati la bafuni lina kioo kimoja na mbao zilizooza. Ruzuku nyingi hupimwa kwa daraja hilo, kwa hiyo kosa kwenye cheti linaweza kukunyima unachostahili, au kukupa kazi isiyoifaa nyumba yako. Kikiwa na kosa, dai ukaguzi mpya kabla ya jambo lolote.

4. Nyumba ikizibwa bila njia ya hewa, itaota kuvu

Sisi tuliokulia pwani tumezoea kulala madirisha wazi ili upepo uingie. Hapa tunafunga kila kitu, tunapika pilau na maharage yanayochemka saa nzima, tunaanika nguo juu ya rejeta, na mvuke wote huo hauna pa kwenda. Kuweka insulesheni bila kufikiria hewa ni sawa na kufunika sufuria iliyoko motoni.

Nyumba ya shangazi ilibandikwa mbao za insulesheni kwa ndani, vyumba vya mbele. Joto lilipatikana mara moja na bili ikapungua. Lakini kabla baridi haijaisha aliniita akaniambia, "Mwanangu, joto nimelipata, lakini nyumba inatoka jasho." Nilisogeza kabati la nguo. Nyuma yake ukuta ulikuwa na madoa meusi ya kuvu kutoka sakafuni hadi magotini, na kanga zilizokunjwa chini ya kabati zilikuwa zinanuka. Tundu la hewa lililokuwa juu ya dirisha lilikuwa limefunikwa na ubao mpya. Bafuni hapakuwa na feni. Pembeni mwa dirisha, pale ukuta unapojikunja kuingia kwenye fremu, hawakubandika chochote, kwa hiyo sehemu hiyo ilibaki baridi na maji yakawa yanakusanyika hapo kila alfajiri.

Kilichotusaidia ni kuujua utaratibu kwa jina lake. Uingereza ina kiwango kinachoitwa PAS 2035, kilichotolewa 2019. Kinataka nyumba itazamwe yote kwa pamoja, awepo mratibu anayewajibika kwa mpango mzima, na suala la hewa lipimwe na kutatuliwa, si kuachwa. Tuliandika barua tukakitaja kiwango hicho, tukaambatanisha picha, tukaomba ripoti ya hewa iliyotakiwa kuandaliwa kabla ya kazi. Wakarudi. Tundu likafunguliwa, feni ikafungwa bafuni na nyingine jikoni, na milango ikakatwa milimita chache kwa chini ili hewa ipite hata ikiwa imefungwa. Kuvu likasafishwa na halikurudi.

Kwa hiyo, mkandarasi akikueleza habari za kuta na dari bila kutaja hewa hata mara moja, mwulize wewe. Kama hana jibu, usisaini.

5. Pampu ya joto haishushi bili yenyewe kwa yenyewe

Pampu ni kitu kizuri na hutoa joto zaidi ya mara mbili au tatu ya umeme inaotumia. Lakini kwa kila yuniti, umeme wa Uingereza ni takriban mara nne ya bei ya gesi. Nyumba inayovuja joto, yenye rejeta ndogo na pampu iliyopangwa vibaya, inaweza kumpandishia mtu bili. Anza na dari, kuta na mianya ya milango. Fundi aje na hesabu ya joto linalopotea katika kila chumba, wala si makisio ya kusimama mlangoni. Na kwa wanaojilipia wenyewe, kazi hizi hazitozwi VAT hadi mwisho wa Machi 2027.

6. Mpangaji naye ana nafasi

Tangu Aprili 2020, mwenye nyumba binafsi England na Wales haruhusiwi kuendelea kupangisha nyumba iliyo chini ya daraja E, isipokuwa awe amesajili msamaha. Wengi wa ndugu zetu hawalijui hili na wanavumilia vyumba vya barafu. Chini ya baadhi ya mipango, hali ya kipato ya mpangaji ndiyo inayoifungulia nyumba ruzuku, ingawa ni lazima mwenye nyumba akubali. Nimeona barua moja ya adabu, yenye nakala ya EPC na jina la ofisi ya kaunsili, ikimfanya mwenye nyumba aliyekuwa mgumu apige simu siku hiyohiyo. Faida ni yake pia, nawe mweleze hivyo.

Jambo la tahadhari: kama viza yako ina sharti la kutotumia fedha za umma, usijaze fomu yoyote kabla ya kuzungumza na mshauri wa uhamiaji aliyesajiliwa. Si kila ruzuku inahesabiwa hivyo, lakini hapo si mahali pa kubahatisha.

7. Anayebisha hodi athibitishwe kwanza

Wazee wetu ni wakarimu; mgeni akibisha wanamkaribisha chai. Kitambulisho chenye nembo hakitoshi. Mwombe jina la kampuni, funga mlango kwa heshima, kisha itafute kampuni hiyo kwenye daftari la wakandarasi la TrustMark, au la MCS kama ni pampu. Akisema ametumwa na kaunsili, pigia kaunsili kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si aliyokupa yeye. Namba ya bima ya taifa na barua za Universal Credit hazitolewi mlangoni. Na anayetaka kukupulizia povu chini ya mapaa, mkatalie mpaka upate ushauri huru: baadhi ya wakopeshaji wanakataa kutoa mkopo kwa nyumba yenye povu hilo, na kuuza inakuwa shida.

8. Karatasi zitunze, na barua ya ukaguzi usiitupe

Piga picha za kuta kabla, wakati wa kazi na baada. Insulesheni ya kuta chini ya mipango hii inatakiwa kuja na dhamana ya miaka 25 yenye bima nyuma yake, ili isife kampuni ikifilisika. Hakikisha hati yake imekufikia mkononi, na weka nakala kwa mtoto au ndugu. Kukiwa na kasoro, mwandikie mkandarasi kwanza. Asipojibu nenda TrustMark na kwa aliyetoa dhamana, na Citizens Advice watakuongoza bila malipo.

Hofu ya kazi mbovu ina msingi. Oktoba 2025, ofisi ya taifa ya ukaguzi, NAO, ilikadiria kwamba asilimia 98 ya nyumba zilizowekewa insulesheni ya ukuta wa nje chini ya ECO4 na mpango mwenzake, Great British Insulation Scheme, yaani nyumba 22,000 hadi 23,000, zina kasoro kubwa zinazohitaji kurekebishwa. Kwa insulesheni ya ukuta wa ndani makadirio yalikuwa asilimia 29. Baada ya kasoro hizo kugundulika, wenye nyumba zilizowekewa insulesheni ya ukuta wa nje wanaandikiwa barua za kupewa ukaguzi, na ukaguzi huo haulipiwi.

Barua hizo zinakuja kwa Kiingereza cha ofisini, nyingi kwa wazee wanaodhani ni matangazo. Kama mama yako, baba yako au jirani yako amebandikiwa kuta tangu 2022, pita kwake wiki hii, mwombe akuonyeshe barua zake, na ukikuta ya ukaguzi, mpigie hiyo simu ya kuweka miadi mkiwa mmekaa pamoja.