Kipaji Bila Nidhamu Hubaki Ahadi



Karibu kila parokia ina kijana ambaye watu wanasema juu yake, "Huyu atafika mbali." Ana sauti nzuri, au ni mwepesi darasani, au anajua kuongea mbele za watu. Miaka mitano inapita, na bado watu wanasema atafika mbali. Sasa shida iko wapi? Kipaji si anacho?

1. UWEZO BADO SI TENDO

Katika masomo ya falsafa, somo la Aristotle lililonikaa sana kichwani ni hili: kuwa na uwezo ni jambo moja, na kuutenda ni jambo jingine. Punje ya mahindi ina uwezo wa kuwa mmea, lakini ukiiacha ndani ya debe mwaka mzima haitakupa hata hindi moja.

Mt. Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, analiendeleza wazo hili. Anaeleza kwamba uwezo wetu unahitaji mazoea mema ili utende vizuri na kwa urahisi. Mazoea hayo hujengwa kwa kurudiarudia, na tendo moja tu halitoshi. Tena ukiacha kutenda, mazoea yanafifia na hata kupotea. Ndiyo maana mpiga kinanda anayejifunza nusu saa kila siku anampita yule mwenye kipaji kikubwa anayekesha wiki moja tu kabla ya Pasaka.

Soma tena mfano wa talanta (Mt 25:14-30). Yule wa talanta moja hakuiba wala hakutapanya. Aliirudisha ikiwa salama kabisa! Tatizo ni kwamba aliogopa, akaifukia. Na yule wa talanta mbili alisifiwa sawasawa na yule wa tano. Kwa hiyo usijilinganishe na mwenzako. Angalia ulichopewa wewe unakifanyia nini.

2. PAROKO WA ARS

Mt. Yohane Maria Vianney alizaliwa Ufaransa mwaka 1786, mtoto wa wakulima. Alianza masomo akiwa amechelewa, na Kilatini kilimtesa kweli kweli. Seminarini alionekana hawezi, akarudishwa. Lakini Padre Balley aliendelea kumfundisha kwa uvumilivu, naye akaendelea kusoma. Alipewa upadre tarehe 13 Agosti 1815, akiwa na miaka 29.

Mwaka 1818 alipelekwa Ars, kijiji cha watu kama 230 hivi. Huko alifanya mambo ya kawaida ya padre: sala, Misa, katekisimu, maungamo. Ila aliyafanya kila siku, kwa miaka 41. Baadaye watu walimiminika kutoka pande zote za Ufaransa, akawa anakaa kitubioni hata saa 16 kwa siku. Na zaidi ya mara moja alijaribu kuondoka Ars, lakini alirudi. Kumbe hata mtakatifu huchoka! Leo ndiye msimamizi wa maparoko.

3. TUFANYEJE?

Kwanza, chagua jambo moja dogo na ulipe saa yake. "Nitasoma zaidi" ni maneno tu. "Nitasoma saa 11 alfajiri, dakika 40" ni mpango.

Pili, usingoje kujisikia. Hamu mara nyingi huja ukiwa umeshaanza.

Tatu, ukiruka siku moja, rudi kesho yake. Shetani anapenda sana useme, "Nimeshaharibu, basi tena." Nenda kaungame kama kuna dhambi, kisha endelea na ratiba yako.

Nne, anza na sala. Neema ya Mungu haiji kufanya kazi badala yako. Inaikamilisha kazi yako. Bila sala, nidhamu inaweza kugeuka kiburi.

Wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo. Wiki hii, taja kipaji kimoja ulichokifukia, kisha kipe nusu saa kila siku mpaka Jumapili.

Tusali: Ee Bwana, umenipa nilicho nacho. Nijalie moyo wa kuanza leo, na uvumilivu wa kuendelea hata pasipo wa kunipigia makofi. Mt. Yohane Maria Vianney, utuombee. Amina.

Ni mimi Frateri wenu. Tuombeane.