Somo la Juma: Tunapotumwa Kudai Deni la Mwingine

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 24:10–13; Filemoni 17–19; Mathayo 18:15–16



Wengi wetu hapa ugenini tumepokea simu ya namna hii kutoka nyumbani: "Mwanangu, yule ndugu mnayesali naye nilimkopesha fedha za safari. Mwaka wa tatu sasa, simu zangu hapokei. Mwambie anirudishie, watoto wamefukuzwa shule kwa ajili ya ada." Jumapili inafika, tunakaa naye benchi moja. Tuseme nini?

1. Tusimame mlangoni. Sheria ya Musa ilimruhusu mdai kupokea rehani, lakini ilimkataza kuingia nyumbani mwa mdaiwa kuichukua. Alingoja nje, aletewe. Na vazi la maskini lililowekwa rehani lilirudishwa jua linapotua, apate kujifunika. Deni halimwondolei mtu heshima yake. Basi tusimdai kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, wala mbele ya watoto wake. Tuanze faraghani, sisi na yeye tu. Asiposikia, ndipo tuende na mmoja au wawili.

2. Tusisamehe kisicho chetu. Tukisikia habari za kodi ya nyumba na saa za kazi zilizopunguzwa, twaweza kuguswa na kusema, "Basi, yaishe." Lakini fedha si zetu. Paulo alipomwombea Onesimo, hakumwambia Filemoni asahau hasara. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa yeye. Ni rahisi kuwa na huruma kwa mfuko wa mama aliye mbali. Tukitaka kumpunguzia ndugu mzigo, tutoe chetu.

3. Tuwe wajumbe waaminifu. Tuulize pande zote mbili kiasi na tarehe, maana huenda sehemu imeshalipwa. Wakubaliane kiasi cha kila mwezi, hata kidogo, na kiandikwe. Afadhali fedha ziende moja kwa moja kwa mwenyewe. Zikipitia mikononi mwetu, tuzitume siku hiyo hiyo na risiti. Akikataa kulipa, tumpe mama jibu la kweli, tusimtie matumaini ya bure.

Na kama mdaiwa ni sisi? Wazee walisema dawa ya deni ni kulipa. Ikiwa leo hatuna, tupokee simu. Aliyetukopesha anaumia zaidi kwa kimya chetu.

Maswali ya kujadili nyumbani
- Je, kuna simu ambayo familia yetu inaikwepa?
- Tukitumwa kudai, tunalinda heshima ya nani, na tunamsahau nani?

Tuombe: Ee Bwana, tupe ujasiri wa kusema kweli na upole wa kungoja mlangoni. Amina.