Somo la Soko: Mpini wa Bastola Unavyopandisha na Kuangusha Bei

Mwezi Agosti 2021, katika mnada uliofanyika Los Angeles nchini Marekani, bastola moja aina ya Colt ilinunuliwa kwa zaidi ya dola milioni 6. Haikuwa imepambwa kwa dhahabu, na mpini wake ulikuwa wa mbao. Kilichonunuliwa ni historia yake: ndiyo bastola ambayo Sherifu Pat Garrett alimuulia Billy the Kid huko New Mexico mwaka 1881, na nyaraka za kuthibitisha hivyo zilikuwapo.

Bei ya namna hiyo haifundishi mengi kuhusu soko, kwa sababu bastola ya pili ya aina hiyo haipo. Somo lipo chini zaidi, kwenye bastola za kawaida za umri uleule ambazo huuzwa na kununuliwa katika minada na maonyesho ya silaha ya Marekani. Huko bastola mbili zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja huweza kupishana sana kwa bei, na mara nyingi sababu ni kipande ambacho hakina kazi yoyote katika kufyatua risasi, yaani mpini.

Bidhaa yenyewe

Bastola hizi huitwa za tendo moja, kwa maana kifyatulio chake hufanya kazi moja tu, kuiachia nyundo. Kuivuta nyundo nyuma ni kazi ya kidole gumba, na hurudiwa kwa kila risasi. Kiwanda cha Colt cha mjini Hartford, jimbo la Connecticut, kilitoa modeli yake ya Single Action Army mwaka 1873, na jeshi la Marekani likaichukua mwaka huohuo ikiwa na mtutu wa inchi 7 na nusu na risasi za kipimo cha .45. Silinda ina matundu sita. Hata hivyo, mtumiaji mwangalifu hutia risasi tano na kuliacha tupu tundu lililo mbele ya nyundo, maana bastola ikigongwa kwenye nyundo inaweza kujifyatua. Mshindani wa Colt, kampuni ya Ruger, aliondoa kasoro hiyo katika bastola zake mwaka 1973 kwa kubadili mtambo wa ndani.

Wauzaji huzigawa Colt hizi katika vizazi vitatu. Cha kwanza ni cha kuanzia mwaka 1873 hadi 1940, ambapo zilitengenezwa zaidi ya 350,000. Cha pili kilianza mwaka 1956 na kwisha 1974. Cha tatu kilianza mwaka 1976. Pengo la kati ya 1940 na 1956 linastahili kuangaliwa na yeyote anayesoma biashara. Kiwanda kilikuwa kimeshaamua kwamba bidhaa hii imepitwa na wakati. Kisha televisheni ikaingia majumbani na michezo ya wachunga ng'ombe. Gunsmoke, kwa mfano, ilianza mwaka 1955 ikadumu miaka 20. Mahitaji yakapanda huku mwenye jina hana mali ghalani. Ruger hakusubiri: alitoa Single-Six mwaka 1953 na Blackhawk mwaka 1955, na Colt iliporudi sokoni ilikuta mtu mwingine ameshakaa kitini.

Wanunuzi wa leo ni wa makundi mawili, na anayewachanganya hupata hasara. Kundi la kwanza ni wakusanyaji. Hawa hununua kitu kilivyotoka kiwandani, pamoja na mikwaruzo yake. Kundi la pili ni wapiga shabaha, hasa wa michezo inayosimamiwa na Single Action Shooting Society, chama kilichoundwa mwaka 1987, ambapo washindani huvaa mavazi ya karne ya 19 na kutumia bastola mbili, bunduki ya lever-action ya aina ya zamani na shotgani. Wengi wa kundi hili hawahitaji Colt ya mwaka 1880. Hutosheka na nakala zinazotengenezwa Italia na Uberti, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1959, kisha pesa iliyobaki huimalizia kwenye mpini.

Mpini

Umbo la mpini wa Colt limefananishwa na mkono wa plau. Risasi inapotoka, bastola hubingirika kwenda juu ndani ya kiganja badala ya kukipiga kiganja moja kwa moja. Ndiyo sababu wapenzi wake hubishana saa nzima juu ya unene wa milimita moja au mbili: mpini mnene mno hauachi bastola igeuke, na mwembamba mno huiacha ikimbie.

Jeshi lilipewa mipini ya mbao ya walnati ya kipande kimoja. Raia, hasa kuanzia miaka ya 1880, walipewa zaidi vibao viwili vya mpira mgumu vilivyofungwa kwa skrubu. Aliyekuwa na uwezo aliagiza pembe za ndovu au gamba la chaza. Jenerali George Patton, aliyenunua Colt yake mwaka 1916, alikuwa na mpini wa pembe wenye herufi za jina lake, na hakupenda kabisa kusikia watu wakiuita wa lulu.

Chuma cha bastola za zamani kilisuguliwa kwa mkono, hivyo mzingo wa fremu moja haulingani sawasawa na wa nyingine. Fundi wa mipini hukata kipande kikubwa kuliko kinachohitajika, hukifunga kwenye fremu, halafu hukipunguza kidogo kidogo mpaka ncha ya ukucha isikwame inapopitishwa kati ya chuma na mpini. Mpini uliofanyiwa hivyo hauhami. Ukiufunga kwenye bastola nyingine ya modeli ileile utaona nafasi upande mmoja na kuzidi upande wa pili. Kwa mkusanyaji, nafasi hiyo ni ushahidi. Mara nyingi namba ya bastola huandikwa au kukwaruzwa upande wa ndani wa mpini wa asili. Mnunuzi mjuzi huomba mpini ufunguliwe kabla hajataja bei, na muuzaji anayekataa huwa ameshajibu swali.

Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, mtu ana bastola ya mwaka 1900 yenye mpini wake wa mpira mgumu, na sokoni ina thamani ya dola 4,000. Anamlipa fundi dola 400 amtengenezee mpini mpya wa kupendeza, na ule wa zamani, uliochakaa, anautupa. Kwenye daftari lake ameandika dola 4,400. Mkusanyaji akija, hataongeza hata senti kwa ajili ya mpini mpya. Atapunguza gharama ya kutafuta wa zamani, na bado ataendelea kupunguza kwa kuwa huo wa kutafutwa hautakuwa na namba inayolingana. Mpini uleule ungefungwa kwenye nakala ya Italia kwa mpiga shabaha, dola 400 zingerudi, au sehemu yake kubwa. Kwa hiyo mali iliyoongezwa kwa kundi moja la wateja imekuwa pungufu kwa kundi la pili. Kumbukumbu za kiwanda ndizo humaliza mabishano: Colt huuza barua inayoonyesha bastola ilisafirishwa lini na kwenda kwa nani, na pale daftari lilipotaja mpini, barua nayo hutaja.

Pembe za ndovu

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki sura hii ina uchungu wake. Katika jimbo hilohilo la Connecticut ilipo Hartford, miji ya Deep River na Ivoryton iliishi kwa kukata pembe za kutengenezea vidude vya piano, na sehemu kubwa ya pembe hizo ilitoka Zanzibar, baada ya kubebwa mabegani na wapagazi kutoka bara. Pembe ya upande wetu ilipendwa kwa ulaini wake chini ya msumeno.

Biashara hiyo ilifungwa kwa hatua. Katika miaka ya 1980 idadi ya tembo barani Afrika ilishuka kutoka takriban milioni 1.3 hadi kama 600,000. Julai 1989 Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe. Oktoba mwaka huo, mjini Lausanne, nchi wanachama wa mkataba wa CITES zilikubali pendekezo la kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika, na Tanzania ilikuwa mmoja wa waliolipeleka. Marufuku ilianza kutumika Januari 18, 1990.

Kitabu cha uchumi kingesema kwamba ugavi ukikatwa na mahitaji yakibaki palepale, bei ya kilichopo itapanda. Soko la mipini ya pembe limeonyesha upande mwingine wa hesabu. Sheria haikugusa ugavi peke yake, iligusa pia ruhusa ya kuuza. Kanuni za serikali ya Marekani zilizoanza Julai 6, 2016 zilizuia karibu biashara yote ya pembe za tembo wa Afrika kati ya jimbo na jimbo, isipokuwa vitu vya kale vilivyothibitishwa kuwa na miaka 100 au zaidi, na vitu vyenye pembe isiyofika gramu 200. Mpini wa bastola hupita kwa urahisi kwenye kipimo hicho cha gramu. Lakini kuna masharti mengine: pembe iwe imeingia Marekani kwa halali kabla ya marufuku, iwe sehemu iliyoshikamana na kitu kikubwa zaidi, na isiwe ndiyo chanzo kikuu cha thamani ya kitu hicho.

Hapo ndipo warithi hujikwaa. Mzee amefariki, ameacha Colt yenye mpini wa pembe. Mtoto anaona ni busara kuufungua mpini, auze chuma kwa mmoja na pembe kwa mwingine, kama anavyouza gari bovu kwa vipuri. Mpini ukiwa juu ya bastola ni sehemu ndogo ya kitu kikubwa. Ukiwa mezani peke yake ni pembe tupu, na msamaha wa gramu 200 umeondoka. Kama hana karatasi za kuonyesha umri wa miaka 100, hawezi kuuuza nje ya jimbo lake, na amebaki na bastola iliyonyang'anywa mpini wake wa asili. Bisibisi moja imeharibu mali mbili. Katika jimbo la California, ambalo sheria yake ilianza Julai 2016, hali ni ngumu zaidi. Hata kitu cha kale kinatakiwa kiwe na pembe isiyofika asilimia 5 ya ujazo wake, kiwango ambacho mpini mzima wa pembe unaweza kukizidi bila shida.

Kwa sababu hiyo mipini isiyo na karatasi huuzwa kwa woga, na woga hupunguza bei. Yenye karatasi hushika bei yake. Kutambua pembe yenyewe kunawezekana bila kuiharibu: pembe ya kweli, ikitazamwa kwenye mkato, ina mistari inayopishana kama wavu, na pale inapokutana karibu na ukingo wa nje, ya tembo huwa na pembe butu huku ya mamothi ikiwa na pembe kali. Mfupa huonyesha vitone vyeusi. Plastiki haina kimojawapo. Mtindo wa kuchoma kwa sindano ya moto unaachia tundu mali ya watu na haufai.

Mbadala

Mafundi wamegeukia vitu vingine. Ipo pembe ya mamothi iliyofukuliwa kwenye ardhi yenye barafu, ingawa baadhi ya majimbo, California ikiwamo, yameikataza nayo. Ipo mikata, iliyotokana na vitambaa au karatasi zilizogandishwa kwa kemikali, ambayo haipasuki wala haina sheria. Na ipo mbao nyeusi ambayo Wamarekani huiita mbao nyeusi ya Afrika. Mtanzania anaijua kwa jina la mpingo.

Mpingo unafaa kwa kazi hii kwa sababu zilezile zinazoufanya ufae kwa klarineti: ni mzito kiasi cha kuzama majini, hung'aa bila vanishi, na hukubali skrubu bila kuchanika ukitobolewa vizuri. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC cha usimamizi wa misitu mwaka 2009, jambo ambalo mnunuzi mwenye wasiwasi wa karatasi hulitazama kwa jicho zuri. Tangu Januari 2017 jamii yote ya miti hiyo imo katika orodha ya pili ya CITES, kwa hiyo magogo na vipande vya mbao huhitaji kibali. Mwaka 2019 ukaongezwa msamaha: bidhaa zilizokamilika, zenye mbao isiyozidi kilo 10 kwa shehena moja, hazidaiwi kibali cha mkataba huo. Vibali vya misitu vya nchini vinabaki palepale.

Mfanyabiashara anayepiga hesabu ataona tofauti iliyopo kati ya kusafirisha kipande na kusafirisha mpini uliokamilika. Jozi moja ya vibao vya mpini ikikadiriwa kuwa na gramu 100, kilo 10 ni jozi 100. Kinachobaki ni ufundi, na pia subira, maana mpingo hukauka polepole sana, na ulioharakishwa hupasuka ukiwa tayari umefungwa kwenye bastola ya mteja, maelfu ya maili kutoka Kilwa.