Dondoo muhimu: Kagua mafuta kabla ya kuruka

Injini ya ndege ndogo ikizimika angani, hakuna pembeni pa kuegesha. Rubani, fanya haya ukiwa bado chini:

• Toa sampuli ya mafuta kwenye kila tangi na kwenye kichujio, kabla ya safari ya kwanza ya siku na kila baada ya kujaza mafuta.

• Inua kikombe cha sampuli kwenye mwanga. Avgas 100LL (petroli ya ndege) ni ya buluu na ang'avu. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hutuama chini kama shanga. Endelea kutoa hadi yaishe. Yasipoisha, usiruke, mwite fundi.

• Angalia rangi, nusa. Kikombe kikiwa maji matupu, hutaona mstari wowote unaotenganisha maji na mafuta.

• Simamia ujazaji mwenyewe. Mafuta ya jeti huua injini ya pistoni. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe: avgas hukauka, ya jeti huacha doa la grisi.

• Mafuta ya pipa yaache yatulie, yachuje, na usiyavute hadi chini kabisa ya pipa.

• Ukikatizwa, anza ukaguzi upya.

Abiria wakikuhimiza, waache wasubiri. Afadhali wachelewe kufika kuliko wasifike.